Unataka picha ya zamani, au picha iliyochakaa?

Wateja wengi wanaotuletea picha za simu tuzifanye "za zamani" huja na kielelezo kimoja: picha ya harusi ya nyanya, imechomolewa kwenye albamu, imegeuka nyekundunyekundu na weusi wake umefifia. Kabla hatujagusa kitu huwa tunauliza: mnataka ifanane na ile iliyotoka studio siku ile, au na ile iliyokaa kabatini miaka 50?

Ni kazi mbili tofauti. Picha ya rangi ya miaka ya 1970 haikutoka studio ikiwa nyekundu. Karatasi yake ilibeba matabaka matatu ya rangi, na kwa karatasi nyingi za wakati ule tabaka la buluu-kijani ndilo lililotangulia kufifia, hata picha ikiwa imefungiwa gizani. Joto na unyevu huharakisha mambo, na Mombasa vyote viwili tunavyo vya kutosha. Buluu ikiondoka, unabaki wekundu.

Ukitaka uchakavu huo, tunapunguza buluu, tunainua weusi mpaka uelekee kijivu, basi. Filta ya bure ya simu inafanya karibu hayo hayo, na kwa kweli huna haja ya kutulipa.

Sura ya filamu yenyewe ndiyo ina kazi. Filamu ya negativu ilivumilia mwanga mwingi: kanzu nyeupe ya bwana harusi kwenye jua la saa sita pale Mama Ngina ilibaki na mikunjo yake. Simu ikishaunguza kanzu kwa mwanga, weupe umekuwa mtupu na hakuna uhariri utakaorudisha mikunjo ambayo haikurekodiwa. Chembechembe za filamu, vile vidoti vidogo vinavyoonekana kwenye picha, nazo zina tabia yake. Huonekana zaidi kwenye vivuli na rangi za kati, hupungua kwenye weupe mkali. Programu ikizimwaga sawasawa picha nzima, jicho linajua kuna uongo hata kama mtazamaji hawezi kuueleza. Halafu zile taa za ukumbini zenye mzingo mwembamba mwekundu: mwanga ulipenya filamu, ukagonga nyuma, ukarudi. Tunauweka kwa mkono, taa moja moja, tena kidogo.

Tunapokaa muda mrefu ni kwenye ngozi. Kwa miaka mingi maabara zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, na watu weusi wakatoka na nyuso zisizosomeka vivulini. Sisi hatuigi kosa hilo eti kwa sababu ni la zamani. Filta inayotia joto kila kitu huufanya uso mweusi uwe wa chungwa. Inayotia kijani vivulini humfanya bibi harusi aonekane ana malaria. Kwa hiyo uso na mikono tunavishughulikia peke yake, na piko, ule urembo mweusi unaochorwa mikononi, tunahakikisha inabaki nyeusi.

Kuna maombi ambayo uhariri hauyawezi. Anayetaka ile sura ya nyeusi-na-nyeupe ya Studio ya Parekh, studio ya zamani ya hapa Mombasa, ajue kwamba pale taa ndizo zilizochonga uso. Aje apigwe upya hapa studio. Na anayekumbuka wapiga picha wa Likoni Feri, na mapazia yao yaliyochorwa meli na ndege, anahitaji pazia. Tunalo la meli. Watoto hulipenda kuliko wazazi.

Ile tarehe ya rangi ya chungwa pembeni tunaweka bila malipo, lakini tarehe ya kweli. Harusi ya mwaka huu kuandikwa '94 itawasumbua wajukuu.

Mwisho, jinsi ya kutuma. Tupe picha kama ilivyotoka kwenye simu au kamera, bila filta, maana rangi iliyokwishapotoshwa hupotoka zaidi. Kwa WhatsApp, itume kama faili la hati, si kama picha ya kawaida, kwa sababu ikibanwa maelezo madogo hupotea. Nasi tutakurudishia kwa njia hiyo hiyo. Picha ikibanwa, chembechembe ndizo za kwanza kuliwa. Ambatanisha na kielelezo chako, hata kama ni kile cha nyanya. Tutahariri moja kwanza uione, ukiridhika ndipo tunaendelea na zilizobaki.