Sarajevo na Tanga, wapi na wapi?

Chumbageni, Tanga

Ndugu yangu Daudi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Huku hatujambo, mama anaendelea vizuri na watoto wamefungua shule. Barua yako nimeipata, na swali la yule mwanafunzi wako wa kidato cha tatu halijanitoka kichwani: mtu kauawa Sarajevo, sasa Tanga na Dodoma zimeingiaje? Umesema ulimchorea ubaoni zile kambi mbili za Vita ya Kwanza ya Dunia, ukamwambia makoloni yalifuata wakubwa wao. Ndivyo tulivyofundishwa na sisi. Lakini mtoto huyo anastahili jibu zaidi ya hilo, kwa sababu vita ile haikuwa lazima ifike huku.

Habari za kambi zenyewe unazo. Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, aliuawa tarehe 28 Juni 1914, na mwezi mmoja baadaye Austria-Hungaria ikaitangazia vita Serbia. Urusi ikaandaa majeshi, Ujerumani ikasimama na mshirika wake, Ufaransa ikaingia kwa sababu ya Urusi. Tarehe 4 Agosti Wajerumani waliingia Ubelgiji, na siku hiyo hiyo Uingereza ikatangaza vita. Sababu iliyoitoa mbele ya dunia naomba uiandike kwa herufi kubwa ubaoni: mkataba wa mwaka 1839 ulioahidi kwamba Ubelgiji haitaegemea upande wowote na haitaguswa. Chansela wa Ujerumani, Bethmann Hollweg, aliuita kipande cha karatasi, na Waingereza wakakasirika mno.

Sasa mwambie afungue Mkataba wa Berlin wa 1885. Darasani tunautaja kwa sababu ya kugawanywa kwa Afrika, tunaishia hapo. Ndani yake kuna vifungu kuhusu bonde la Kongo, na eneo la biashara lililohesabiwa pamoja nalo lilichorwa kwa upana mkubwa mpaka likafika Bahari ya Hindi, likaichukua Afrika Mashariki ya Wajerumani na ya Waingereza pia. Vifungu hivyo vilitoa nafasi ya kuliweka eneo hilo nje ya vita vya Ulaya, pande zote zikiridhia. Wale wale waliotugawana walikuwa wameacha mlango wa kutunusuru na ugomvi wao.

Na wapo waliotaka kuupitia. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee wa Dar es Salaam, hakutaka vita katika koloni lake. Gavana wa Kiingereza, Belfield wa Nairobi, naye aliona koloni lake halina maslahi yoyote katika ugomvi ule. Hata Wabelgiji mwanzoni walitaka koloni lao la Kongo lisiguswe. Lakini kamanda wa jeshi la Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na hesabu yake: kila askari wa Uingereza atakayezuiwa Afrika Mashariki hatapelekwa Ulaya. London nako walikuwa na hofu ya manowari ya Wajerumani, Königsberg, na ya mitambo ya simu ya upepo ya Dar es Salaam. Tarehe 8 Agosti manowari ya Waingereza ikaipiga mizinga mitambo ile. Siku nne tu, Daudi, baada ya kuingia vitani kutetea haki ya Ubelgiji ya kukaa nje ya vita! Wiki iliyofuata Wajerumani wakaiteka Taveta, iliyokuwa upande wa Waingereza, na mwezi huo huo wakawashambulia Wabelgiji katika Ziwa Tanganyika. Mikataba ya kuingia vitani iliheshimiwa kwa saa na dakika. Nafasi ya kubaki nje haikupata mtetezi mwenye nguvu.

Hapa Tanga palikuwa na maafikiano ya kutopigana, yaliyofanywa Agosti kati ya makamanda wa manowari za Waingereza na maofisa wa Kijerumani wa mjini. Wakubwa London wakayakataa. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari ya Waingereza, Fox, ikaja kutoa taarifa kwamba maafikiano yamekwisha, na Lettow akapata muda wa kuwaleta askari wake kwa treni. Waingereza walikuwa na watu kama 8,000, wengi wao Wahindi waliochoshwa na safari ndefu ya meli, na wakashindwa na askari kama 1,000. Watu hupenda kusimulia habari za nyuki waliowavamia wapiganaji, na kweli walikuwapo. Mimi naumia zaidi nikifikiri kwamba mji huu ulikuwa na amani mkononi ikatupwa.

Lakini usiishie kwenye mapigano. Mweleze kijana kuhusu wapagazi, kwa sababu hao ndio walioibeba vita hii. Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza aliposhuka na jeshi lake mwaka 1916, mbung'o waliwamaliza farasi na ng'ombe, barabara hazikuwapo, mvua zikageuza bonde la Rufiji kuwa ziwa. Kila kitu kikapanda vichwani mwa watu: risasi, mahema, unga. Na mpagazi naye anakula. Safari ikirefuka anaimaliza posho aliyoibeba, hivyo inabidi watafutwe wengine wa kumbebea, na hao nao wale. Ndiyo maana Waingereza peke yao waliwachukua watu zaidi ya milioni moja, na mwaka 1917 wakawakusanya kwa nguvu vijiji kwa vijiji. Walipewa unga usiochekechwa, ukapikwa nusunusu kwa kukosa muda na kuni, wakaharisha damu. Malaria na homa ya mapafu vikawamaliza waliobaki. Kumbukumbu za Waingereza wenyewe zinataja vifo zaidi ya 90,000. Upande wa Wajerumani hesabu haikutunzwa. Sanamu ya ukumbusho ya Nairobi inawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na bado mishahara mingi ya waliokufa haikuzifikia familia zao. Hilo nashindwa kulisamehe.

Kwenu Ugogo, huko Dodoma, vita ilikuja kwa njia nyingine. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana, kisha mvua zikakosekana, ikaja njaa ile ya Mtunya. Mafua makubwa ya 1918 yakakuta watu wamekwisha kudhoofika. Lettow alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Njaa iliendelea.

Nina ombi. Wape wanafunzi wako kazi ya kwenda kuwauliza wazee wa nyumbani kwao wanasimulia nini kuhusu Mtunya: nani alihamia wapi, ukoo gani uliwapoteza watu, nyimbo gani zimebaki. Waandike kwa Kigogo kama ndivyo wanavyosimuliwa, wewe unitumie nakala. Likizo ya Desemba mje wote, twende mpaka Jasini, walikopigana Wajerumani na Waingereza Januari 1915.

Msalimie shemeji na watoto. Mwambie mzee wako shikamoo yangu.

Ndugu yako,
Hamisi