Kabla ya kubadilisha mtutu, angalieni bolti

Mhariri,

Hapa Nairobi sisi wenye leseni tunaolenga shabaha wikendi tunajuana, na siku hizi stori kwa renji ni kubadilisha kaliba, yaani saizi ya risasi ya bunduki, mtu ako na .303 ya zamani anataka igeuzwe iwe .308 na ukimuuliza anakwambia ni mtutu tu, kama ni kubadilisha tairi. Hapana jamani. Bolti kwanza, ile chuma inayosukuma risasi ndani na kufunga nyuma yake.

Chukua hiyo hiyo .303. Ganda lake lina ukingo uliotokeza kwa kitako na ndio unashikilia risasi isizame kwenye chemba, pale risasi inakaa ikipigwa, .308 haina, yenyewe inazuiliwa na bega la ganda, kwa hivyo ekstrakta inayovuta ganda nje, uso wa bolti na magazini vyote vilitengenezewa kitu kingine. Halafu presha. .303 mwisho wake ni pauni 49,000 kwa inchi mraba, .308 inafika 62,000, na kwa Lee-Enfield, ile bunduki ya zamani ya jeshi la Waingereza inayopiga .303, meno yanayofunga bolti yako nyuma, mbali na chemba, chuma inavutika ukipiga. Wahindi kwa kiwanda chao cha bunduki pale Ishapore walipotaka muundo huo kwa 7.62 ya NATO, ambayo ni karibu sawa na .308, walitengeneza bunduki mpya kabisa, tena kwa chuma ngumu zaidi.

Kuna zenye ziko rahisi, nakubali. .308 kwenda .243 ni familia moja, kitako milimita 12 na urefu karibu sawa. Lakini .223 kitako ni kama 9.6 na .300 Winchester Magnum ni 13.5, moja italegea na ingine haitakaa kwa bolti hiyo. .30-06 ndio inadanganya watu, kitako ni kile kile lakini ganda ni milimita 63 na eksheni fupi, ile sehemu bolti inatembea ndani yake, haina hiyo nafasi.

Kinachoniuma zaidi ni bolti za kuazima kutoka kwa bunduki ingine. Inaingia, inafunga, inalia vizuri, mwenyewe anaridhika. Kufunga sio kupima! Lee-Enfield namba 4 ilikuwa na vichwa vya bolti vya saizi tofauti, 0 mpaka 3, manake ile nafasi kati ya uso wa bolti na ganda ni ya unywele, ikizidi ganda linaweza kupasuka na gesi moto irudi kwa uso wa mtu. Fundi ako na geji mbili, moja bolti lazima iifungie na ingine lazima iikatae, kazi ya dakika chache.

Ombi langu kwa Bodi ya Leseni za Bunduki: kaliba iko kwa cheti, so mtu akiomba ibadilishwe asipewe mpaka alete barua ya fundi aliyeidhinishwa ikisema bolti ni ya bunduki hiyo na imepimwa kwa geji zote mbili. Wasimamizi wa renji nao waitishe hiyo barua hata kwa mwanachama wa siku nyingi, manake ganda likipasuka kuna mwingine amelala hapo kando yake kwa laini akilenga.

Mlenga shabaha,
Lang'ata, Nairobi