Umeniambia nimebadilika

Umoja, Nairobi
Jumapili usiku

Shoga yangu Zawadi,

Habari za huko, na Mama Kadzo mguu umepoa? Sisi wazima. Stima imerudi sasa hivi baada ya kututoroka tangu mchana, kwa hiyo naandika mbio kabla haijabadili nia. Najua umeninunia. Miezi mitatu kimya, na neno la mwisho lilikuwa lako: "Nairobi imekubadilisha." Nililisoma nikaliacha hapo. Nilikasirika, usiniulize kwa nini, labda kwa kuwa... basi, nitafika huko.

Jumanne nimeshuka Muthurwa, natembea kwenda kazini, saa mbili kasoro kidogo. Kando ya ukuta kuna mzee ameketi chini, kichwa kimelalia bega, jasho linamtiririka, na asubuhi yenyewe ni ya baridi hii yetu ya Julai. Watu wanampita. Nami nikampita. Zawadi, nilimwona vizuri! Hata rangi ya sweta yake naikumbuka. Nikajisemea "mlevi huyu" nikaongeza mwendo, maana pale kazini ukichelewa dakika tano unakatwa mia mbili, na mwezi huu nimeshakatwa mara mbili.

Jioni nikamuuliza kijana wa njugu anayeuza pale. Kumbe mzee ana kisukari na sukari ilikuwa imeshuka. Kijana ndiye aliyemnunulia soda, akakaa naye mpaka macho yakatulia. Alinieleza hivi hivi tu huku akinipimia njugu za ishirini. Sikujua niweke wapi uso.

Sasa sikiliza. Nimeanza masomo ya jioni ya ushauri nasaha (ndiyo, pesa ya chama ilikwenda huko, usimwambie mtu). Alhamisi mwalimu akatuletea utafiti wa mwaka 1973, utadhani ametumwa kwangu. John Darley na Daniel Batson waliwachukua wanafunzi wa seminari ya Princeton, Marekani, wakawatuma jengo la pili wakatoe hotuba. Wengine hotuba yenyewe ilikuwa ya Msamaria Mwema! Njiani wamewekewa mtu kajikunyata mlangoni, anakohoa na kuguna. Waliokuwa na muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wameshachelewa, asilimia 10. Na kuwa na Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana. Darasa zima likacheka. Mimi nilikuwa naitazama kalamu yangu.

Usiku ule nililala vizuri, nisikufiche. Kumbe si roho yangu, ni saa! Kufika asubuhi faraja imeshachacha, kwa sababu hakuna aliyenilazimisha kuwaza "mlevi". Kuna daktari mmoja wa Philadelphia, Aaron Beck, aliyewasikiliza wagonjwa wake miaka ya 1960 akaona kwamba kuna mawazo yanayojileta yenyewe, upesi kiasi kwamba mtu hayaoni kama mawazo, anayaona kama ukweli. Ndilo langu hilo. Hapa mjini mtu akiwa chini ni mlevi au mkora, jibu limefika kabla jicho halijamaliza kutazama. Halafu nakumbuka yule mama wa "mtoto mgonjwa" aliyenila nauli yote mwaka juzi, nikarudi Umoja kwa miguu. Halafu wote wanapita, na wote wakipita unaona hakuna jambo. Nimejaribu kutenganisha ni lipi lililonisukuma, haraka, hofu, watu au hilo wazo, na nashindwa. Sitaki pia kujificha nyuma ya wachungaji wa Princeton.

Na kijana wa njugu usimfanye malaika. Kopo lake la kupimia amelibonyeza chini, wote tunajua. Ila anashinda pale pale, hana pa kuchelewa.

Unakumbuka zile stika za Zusha kwenye matatu, za kuwaambia abiria wamkemee dereva anayekimbiza? Ulizicheka sana, ukasema nani ataokolewa na karatasi. Watafiti wa Georgetown walizipima, na matatu zenye stika madai ya ajali kwa bima yalipungua, robo au zaidi. Abiria ni wale wale, uoga ni ule ule, karatasi tu imewaambia inaruhusiwa kufungua mdomo. Hilo sijui nilifanyie nini, lakini haliniondoki.

Nilisema nitafika kwenye ule ujumbe wako. Wewe uliandika maneno mawili, mimi nikasoma "siku hizi una maringo", nikakuadhibu miezi mitatu kwa sentensi niliyoiandika mwenyewe. Labda ulimaanisha nimekonda!

Ulimaanisha nini hasa? Na ungekuwa wewe pale Muthurwa, ungesimama? Najua utasema ndiyo, wewe uliyesimamisha basi zima Mariakani kwa ajili ya mbuzi, lakini siku ya mbuzi yule ulikuwa unakwenda wapi, si sokoni tu kununua mchele? Kadzo amejifungua? Na yule ndugu yako bado anasema atanilipa?

Kesho nataka kutoka mapema, nusu saa nzima, nikamtafute yule mzee. Kijana anasema hupita pale kila Jumatatu. Nikimwona nimwambie nini? Kwamba mimi ni mmoja wa waliompita? Nijibu usiku huu huu ukiweza, hata kwa matusi.

Wako,
Rehema

Stima imekwenda tena. Namalizia kwa tochi ya simu.