Jina la mgonjwa liandikwe kwenye chupa ya damu mbele ya macho yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo nimelifanyia kazi kwa miaka 26 katika maabara za hospitali, na ambalo mwezi uliopita lilinifika nikiwa mtoto aliyempeleka mama yake kupimwa.

Tulifika asubuhi katika kituo kimoja cha afya hapa mkoani Tanga, tukakuta benchi limejaa. Kijana aliyekuwa akichukua damu alikuwa na bidii na mkono wake ulikuwa mwepesi, kwani mama alichomwa mara moja tu na hakulalamika. Lakini juu ya meza yake kulikuwa na chupa ndogo kama kumi hivi za kifuniko cha zambarau, zote zimekwisha andikwa majina, zimepangwa kwa kufuata foleni. Zamu ya mama ilipofika, kijana alimwuliza, "Bibi, wewe ndiye Fatuma?" Mama ana umri wa miaka 74 na masikio yake yamepungua nguvu, lakini hilo alilisikia, na kwa kuwa kweli anaitwa Fatuma akajibu, "Ndiyo, mwanangu." Mimi wakati huo nilikuwa dirishani nikilipa. Hakuna aliyeuliza Fatuma nani, binti wa nani, ilhali kwenye benchi lile walikuwapo akina Fatuma wawili, jambo ambalo kwa watu wa pwani si ajabu hata kidogo.

Majibu yalipotoka, wingi wa damu wa mama ulisomeka gramu 5.8 kwa desilita, na daktari akaanza kuandika alazwe aongezewe damu. Nilimvuta mama kope la chini nikaona wekundu wa kutosha, na nikakumbuka kuwa asubuhi ile alikuwa amepanda ngazi bila kuhema. Niliomba kwa upole kipimo kirudiwe kwa damu mpya, kikarudiwa, kikasoma 12.1. Furaha yangu haikudumu, kwa sababu ile 5.8 ilikuwa damu ya mtu: ilikuwa ya yule Fatuma wa pili, ambaye alikwisha rudi nyumbani na karatasi inayosema hana upungufu wowote. Ilibidi atafutwe kwa namba ya simu iliyokuwa kwenye rejista, na hakupatikana hadi kesho yake.

Majibu yakiwa ya ajabu, watu wengi hulaumu mashine. Siku ile mashine ilisema kweli mara zote, maana ilipima damu iliyopewa. Sehemu kubwa ya makosa ya maabara hutokea kabla damu haijafika kwenye mashine, yaani wakati wa kumtambua mgonjwa, kumchoma, kuchagua chupa, kuiandika na kuisafirisha. Na kosa la jina ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa damu iliyoganda au iliyoharibika mtaalamu huiona kwa macho akaikataa, lakini damu nzuri yenye jina la mtu mwingine haina alama yoyote ya kumshtua.

Utaratibu unaozuia jambo hili ni mfupi na hauna gharama. Mgonjwa haulizwi kama yeye ni fulani, kwa sababu mtu aliyechoka, mwenye homa au asiyesikia vizuri ataitikia lolote, huulizwa, "Unaitwa nani?", naye ataje mwenyewe majina yake yote matatu na umri wake au tarehe ya kuzaliwa, huku mchukua damu akilinganisha na fomu. Chupa huandikwa baada ya damu kuingia, mgonjwa akiwa bado ameketi kwenye kiti, na yule yule aliyemchoma ndiye anayeandika. Kuandika chupa kumi mapema ili kuokoa muda, au kukusanya mfukoni chupa za damu zisizo na majina na kuziandika ukirudi maabara, ni kuweka mtego ambao siku moja lazima utamnasa mtu. Anayetolewa damu kwa ajili ya kupimwa kundi ndiye wa kuogopewa zaidi. Tangu Karl Landsteiner aeleze makundi ya damu mwaka 1901, tunajua kwa nini mtu wa kundi O akiongezewa damu ya kundi A mwili wake huishambulia na kuipasua, na kosa hilo laweza kumwua akiwa kitandani, huku kila aliyeshiriki akiamini amefanya sawasawa.

Nikiacha jina, liko suala la chupa zenyewe, ambazo watu huziona kama zimetofautishwa rangi kwa urembo. Mwaka mmoja nikiwa zamu ya usiku nilipokea damu ya mwanaume wa makamo ambaye potasiamu yake ilisoma zaidi ya 11, wakati mtu mzima huwa kati ya 3.5 na 5 hivi, na kalsiamu ilikuwa karibu na sifuri. Kwa namba zile moyo wake ulipaswa kuwa umesimama. Nilikwenda wodini nikamkuta amekaa kitandani anakunywa uji. Muuguzi, ambaye namheshimu hadi leo kwa kusema kweli, aliniambia kuwa damu ilikata chupa nyekundu ikiwa haijajaa, kwa hiyo akamiminia kidogo kutoka kwenye ya zambarau. Dawa iliyomo katika chupa ya zambarau huzuia damu isigande kwa kuikamata kalsiamu, na yenyewe imetengenezwa na potasiamu. Tone lake likiingia kwenye chupa nyingine, majibu yote mawili huvurugika. Ndiyo maana chupa hujazwa kwa mpangilio: kwanza za kuotesha vijidudu, kisha ya buluu ya kupima kuganda kwa damu, halafu nyekundu, ya kijani, ya zambarau, na mwisho ya kijivu ya kupimia sukari. Ndiyo maana pia hakuna ruhusa ya kumimina damu kutoka chupa hii kwenda ile, hata kama mgonjwa ni mtoto ambaye kumchoma upya kunauma roho.

Kumchoma kwenyewe nako kuna adabu zake. Kamba hufungwa vidole vinne juu ya mahali pa kuchoma na isikae zaidi ya dakika moja, kwani ikikaa, maji ya damu huvuja kutoka mshipani na vilivyobaki huonekana vimezidi. Mgonjwa afumbe ngumi, asiwe anafumba na kufumbua mfululizo kama tulivyozoea kuamriwa, maana kufanya hivyo hupandisha potasiamu. Spiriti ya asilimia 70 ikishapakwa iachwe ikauke yenyewe kwa nusu dakika. Ukiipuliza kwa mdomo au ukapapasa tena mshipa kwa kidole, umerudisha uchafu uliokuwa umeuondoa. Mkono wenye dripu usiguswe kama upo mwingine. Bomba la sindano lisivutwe kwa nguvu na damu isisukumwe kwa nguvu ndani ya chupa, kwa sababu chembe nyekundu hupasuka na yaliyomo ndani yake humwagika, kisha chupa hutikiswa polepole kwa kupinduliwa, kamwe isisukwesukwe. Mtoto mchanga huchomwa pembeni mwa kisigino, si katikati wala nyuma, kwa kuwa hapo mfupa uko karibu sana na ngozi.

Siwezi kusema yote haya bila kuwatetea wenzangu. Kijana yule aliandika chupa mapema kwa sababu alikuwa peke yake na benchi zima lilikuwa likimtazama. Mtu anayefanya haraka hivyo ndiye pia anayejaribu kurudishia kifuniko cha sindano iliyokwisha tumika, kisha sindano ikapita pembeni na kumwingia kidoleni. Anayechomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI ana uwezekano wa kuambukizwa wa wastani wa takriban 0.3 kwa kila mia. Kwa homa ya ini aina ya B, asiyechanjwa anaweza kufikia hata 30 kwa mia. Sindano haivishwi kifuniko tena, hutupwa mara moja katika kisanduku cha usalama kilichowekwa mahali mkono unapofika, na kisanduku kikijaa robo tatu hufungwa. Aliyechomwa aoshe kwa maji na sabuni, asikamue jeraha, na atoe taarifa saa ile ile, kwa kuwa dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Nimewaona vijana wakificha majeraha haya kwa kuogopa kuitwa wazembe, na hilo linaniumiza kuliko makosa yote niliyoyataja.

Naomba viongozi wa halmashauri, wanapopanga ikama, yaani idadi ya watumishi, na bajeti za vituo, wakihesabu kiti cha kuchukulia damu kama mahali pa kazi panapohitaji mtu wake, chupa za rangi zote, glavu, visanduku vya usalama na chanjo ya homa ya ini kwa kila anayeketi hapo. Kituo chenye mashine ya mamilioni na kijana mmoja wa kuhudumia foleni nzima kimetumia fedha upande mmoja tu.

Kwa wagonjwa, najua wapo ambao hadi leo hunyamaza kwa hofu wakiona damu yao ikijaza chupa ya pili na ya tatu, na hadithi za mumiani walizosimuliwa na bibi zao hazijawatoka. Chupa moja ya mtu mzima kwa kawaida huchukua mililita mbili hadi tano, na mwilini mna lita tano hivi. Ulizeni kila chupa ni ya kipimo gani, ni haki yenu kujibiwa. Semeni kama mnatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kama mliwahi kuzimia mlipochomwa, ili mchomwe mkiwa mmelala. Kisha, kabla hamjainuka, mwombeni aliyewachoma awaonyeshe chupa mwone jina lililoandikwa. Mama yangu hajui kusoma vizuri bila miwani, kwa hiyo siku tuliyorudi alimwambia yule kijana amsomee kwa sauti, naye akamsomea majina yote matatu, huku pamba ikiwa bado imebanwa mkononi.

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Tanga