Nishani za mafundi wa boti za vita na habari za MV Liemba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niongeze jambo ambalo mara nyingi huachwa nje kila habari za MV Liemba, meli ya abiria ambayo zamani Wajerumani waliiita Graf von Götzen, na vita vya Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia zinapoandikwa magazetini, nalo ni habari ya mafundi mitambo na nishani walizopewa au kunyimwa. Nilifanya kazi ya ufundi wa injini za boti hapa Kigoma kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo msomaji asishangae akiona navutia upande wa chumba cha injini.

Wengi wanafahamu kwamba tarehe 26 Desemba 1915 boti mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, ziliiteka meli ya Wajerumani iitwayo Kingani, na kwamba tarehe 9 Februari 1916 meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann, ilizamishwa. Kisichoelezwa ni namna ushindi ule ulivyotegemea injini. Mzinga wa Kingani ulielekea mbele tu, na mizinga ya boti zile nayo haikufaa kupigwa ila kuelekea mbele, maana boti zenyewe zilikuwa za mbao nyepesi. Mbinu iliyobaki ilikuwa kumzunguka adui kwa kasi na kukaa nyuma yake. Kasi hiyo ilitoka kwa injini mbili za petroli katika kila boti, na anayejua petroli ataelewa maana ya kuhudumia injini ya namna hiyo huku risasi zikipigwa, wakati tangi la mafuta liko hatua chache tu kutoka miguuni pako. Nahodha humwona adui na kujua zamu ya kuinama. Fundi huinamia injini yake na kusikiliza tu.

Baada ya ushindi, kamanda wao, Spicer-Simson, alipewa nishani kubwa, baadhi ya maofisa wakapewa Msalaba wa Utumishi Uliotukuka, na baadhi ya wasio maofisa wakapewa Nishani ya Utumishi Uliotukuka. Tofauti ya msalaba na nishani hapa haikupimwa kwa ushujaa, ilipimwa kwa cheo. Nishani hiyo ya watu wa chini ilianzishwa mwaka 1914, na mgawanyo huo ukadumu katika jeshi la wanamaji la Uingereza hadi mwaka 1993, ilipofutwa na msalaba ukawa wa vyeo vyote.

Mfano ulio wazi zaidi hauko kwetu, uko katika bahari ya Baltiki. Usiku wa tarehe 17 Juni 1919, boti moja ya torpido ya Waingereza, iliyochukua watu watatu tu, ilipenya katikati ya meli za walinzi karibu na Kronstadt, kituo cha wanamaji cha Urusi, ili kuishambulia manowari ya Urusi iitwayo Oleg. Hitilafu ikatokea njiani, na boti ikalazimika kusimama dakika 20 mbele ya macho ya adui ili itengenezwe, kisha ikaendelea na kuizamisha Oleg. Luteni Augustus Agar alipewa Msalaba wa Victoria, msaidizi wake John Hampsheir akapewa Msalaba wa Utumishi Uliotukuka, naye fundi mkuu wa injini, Hugh Beeley, akapewa Nishani ya Ushujaa wa Dhahiri, iliyokuwa ya wasio maofisa. Watu watatu, boti moja, hatari moja, lakini nishani tatu tofauti! Sisemi kwamba Agar hakustahili. Nasema tu kwamba Msalaba wa Victoria ulikuwa wazi kwa kila cheo tangu ulipoanzishwa mwaka 1856, na kama injini ingegoma baada ya zile dakika 20, pasingekuwa na mtu wa kurudi kusimulia.

Turudi ziwani. Mafundi watatu wa Kijerumani kutoka Papenburg, yaani Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, ndio waliosimamia kuiunganisha Graf von Götzen hapa Kigoma, na Wajerumani wenyewe ilipobidi waizamishe mwezi Julai 1916, mafundi hao walizipaka injini zake grisi nzito ili zisile kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, injini zikakutwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Kazi ile ya grisi imewafaa abiria wa Kigoma na Kasanga kuliko mizinga yote iliyopigwa katika ziwa hili.

Kuna na wale ambao hakuna aliyewafikiria kwa nishani: Waafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja kuvuka milima ya Mitumba, Katanga, ili Mimi na Toutou zifike ziwani, pamoja na wanawake waliobeba maji ya mitambo ya mvuke iliyozivuta.

Ombi langu kwa waandishi wenu, na kwa wote watakaoandaa maonyesho au kibao cha historia ya Liemba, ni kwamba majina ya mafundi yaandikwe sambamba na ya makamanda, na kazi ya wabebaji itajwe katika kibao hichohicho.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi mstaafu wa boti,
Kigoma.