Kazi ya Chouchou Namegabe haikuanzia kwenye tuzo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu juu ya waandishi wa habari wa kike ilimtaja Chouchou Namegabe kwa tuzo tu, ilhali kazi yake ilianzia Redio Maendeleo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambako wanawake walisimulia kwa sauti zao wenyewe yaliyowapata vitani, kabla yeye hajayafikisha mbele ya Seneti ya Marekani mwaka 2009.

Kazi hiyo ya redio kwa wanawake haijaisha. Sheria ya Kongo ya 2016 iliyorekebisha Kanuni ya Familia iliondoa ulazima wa mke kupata ruhusa ya mumewe ili aajiriwe, lakini akina mama wa soko la Kadutu niliowauliza (ambao, kusema kweli, hawakumngoja mume) hawajawahi kuisikia ikielezwa kwa Kiswahili redioni.

Msomaji wenu,
Ibanda, Bukavu