Mheshimiwa Waziri wa Maji, nani anabadilisha mkaa wa mifupa?

Mheshimiwa Waziri wa Maji,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: MAJI YENYE FLORAIDI KATIKA VIJIJI VYA MERU

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika sekondari moja ya kata, chini ya Mlima Meru upande wa mashariki. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua ya kawaida ingebidi ipite kwa mkuu wa shule, kwa afisa elimu, kwa mkurugenzi, na mpaka ifike Mtumba, watoto wangu wa kidato cha kwanza watakuwa wameshamaliza cha nne.

Nianze na mahafali. Kila mwaka mpiga picha huja na kamera yake, anawapanga wahitimu mbele ya jengo la utawala na kuwaambia, "Haya, chekeni kidogo." Hapo ndipo mikono inapopanda mdomoni. Wasichana hufunika kwa kiganja, wavulana hubana midomo kama waliomeza pilipili. Meno yao ni ya kahawia, mengine yana madoa meusi, machache yameanza kumeguka pembeni. Wakienda chuo mkoa mwingine, mtu akiwaona wanacheka tu anauliza, "Wewe wa Arusha, eh?" Wenzao hudhani hawapigi mswaki. Wanapiga. Mswaki hauna kosa lolote hapa.

Unalijua jambo hili kuliko mimi, lakini barua hii itasomwa na wengi, kwa hiyo niruhusu nieleze. Miamba ya volkano ya Meru ina floraidi nyingi, chumvi ya madini inayoharibu meno ikizidi, na maji yanayopita humo hutoka nayo. Maji ya aina nyingine yangekuwa na kalsiamu ya kutosha kuikamata floraidi na kuitupa chini kama chembe. Ya kwetu yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, basi floraidi inabaki inaogelea. Akina mama husifu maji haya kwamba ni laini, sabuni kidogo tu povu limejaa beseni. Ulaini huohuo ndio unaoiachia floraidi ipite.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Viwango vyetu vya muda vya mwaka 1974 viliruhusu hadi 8 kwa maji ya vijijini, si kwa sababu 8 ni salama bali kwa sababu hapakuwa na maji mengine. Baadaye ikawa 4, na sasa nasi tumeshuka hadi 1.5. Kwenye karatasi tumeshuka vizuri sana. Mto Maji ya Chai haujasoma karatasi hiyo.

Na kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi inabaki, na maji yakipungua sufuriani ndivyo inavyokolea. Ongeza magadi tunayotia kwenye makande na maharage ili yaive upesi; nayo huja na floraidi yake. Mtoto anayekunywa na kula hivi tangu akiwa mchanga, meno yake ya ukubwani yanaharibika yakiwa bado ndani ya fizi. Yakishatoka, hakuna dawa ya kuyarudisha. Kwenye kiwango cha juu na kwa miaka mingi, floraidi inahamia kwenye mifupa yenyewe, na hao ndio wazee tunaowaona mgongo umekakamaa, na watoto wenye miguu iliyopinda.

Sasa nije kwenye nililokuja nalo. Dawa ya maji haya ipo, tena inajulikana siku nyingi. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kilichopo Ngurdoto, chini ya wizara yako, kimefanya kazi ya mkaa wa mifupa kwa miaka mingi. Unachukua mifupa ya ng'ombe, unaichoma kwenye tanuri lenye hewa kidogo, joto la nyuzi 400 hadi 500 na kitu, unaiponda iwe chenga, unaiosha, unaipanga ndani ya ndoo. Maji yanapita juu, yanatokea chini, floraidi imebaki humo.

Darasani huwa naieleza hivi. Mfupa na jino vimejengwa kwa madini ya aina moja, apataiti. Ndani yake kuna nafasi ambazo floraidi inazipenda kuliko kitu kingine, ikifika inamsukuma aliyekaa na kukaa yeye. Inaingia kwenye mkaa wa mifupa kwa sababu ileile inayoiingiza kwenye jino la mtoto. Kwa hiyo usipoipa floraidi mfupa wa ng'ombe, itatafuta wa mtu. Siku niliposema hivyo, darasa lilinyamaza, jambo ambalo halitokei mara nyingi kipindi cha mchana.

Shule yetu iliwahi kupata kichujio cha namna hiyo. Wafadhili fulani walileta, kukawa na utepe, hotuba na soda. Maji yalipimwa siku ile, yakawa mazuri. Watoto wakanywa, sisi walimu tukanywa, nikajaza chupa za kupeleka nyumbani. Muda ukapita. Siku moja nafundisha jinsi chembe zinavyobadilishana nafasi, kijana wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa zile nafasi kwenye ule mkaa wetu haziishi?"

Mheshimiwa, nilisimama na chaki mkononi. Zinaisha. Ni lazima ziishe. Nilitoa fedha yangu nikapeleka sampuli kupimwa, majibu yakaja kwamba maji yanayoingia na yanayotoka ni yaleyale. Kwa muda gani tulikuwa tunakunywa tukijidanganya, sijui. Mwalimu wa kemia ni mimi, ufunguo wa maabara ninao mimi, na sikupima. Hilo nalibeba mwenyewe.

Lakini hesabu yake ni ndogo, na hakuna aliyetupigia siku ya utepe. Chukua kaya inayotumia lita 20 kwa siku za kunywa na kupikia, maji yenye miligramu 8 kwa lita, ukitaka yashuke hadi 1. Unaondoa miligramu 140 kila siku. Ndoo yenye kilo 10 za mkaa, tukikadiria kila gramu inabeba miligramu 2, inabeba miligramu 20,000. Gawanya. Siku 143. Haifiki miezi mitano mkaa umeshiba, na kuanzia hapo kichujio ni pambo. Ubaya wake ni kwamba hakipigi kelele. Taa ikiungua unaona giza. Mkaa ukishiba, maji yanaendelea kutoka meupe pee, hayana harufu wala ladha, na mama anaendelea kuyaamini.

Nilijaribu kuchoma mifupa mwenyewe. Niliomba ya machinjioni, nikaweka kwenye pipa, nikafukia kwa udongo, nikawasha. Majirani walifika mmoja mmoja na khanga puani. Kesho yake nusu ya mifupa ilikuwa myeupe kama chokaa, imezidi moto na uwezo wake umepungua, na mingine ilikuwa bado na mafuta ndani. Maji niliyopitisha humo yalinuka kama nywele zilizoungua. Wanafunzi walinionea huruma, lakini hakuna aliyekunywa. Mama mmoja Mwislamu akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hiyo mifupa ya mnyama gani, na nani alimchinja?" Swali la haki kabisa, na mwenye pipa la kienyeji hana majibu ya kuaminika kulijibu. Mwenye tanuri linalosimamiwa na kuandika mifupa imetoka machinjio gani, anayo.

Ndiyo maana nasema tatizo letu si utafiti. Wataalamu wetu wamefanya. Pale Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa Karatu, alitengeneza kichujio cha mchanga na nanoteknolojia, yaani teknolojia ya chembe ndogo mno, kinachoweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, na mwaka 2015 kikashinda Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Uhandisi cha Kifalme cha Uingereza. Tulishangilia, na tulistahili. Kabla ya hapo ilishajaribiwa njia ya Nalgonda kutoka India, ya kukoroga shabu na chokaa kwenye ndoo na kusubiri tope litulie. Inafanya kazi, ila floraidi ikiwa nyingi shabu inayotakiwa ni nyingi mno, na tope lake nalo linataka pa kwenda. Ng'ambo ya mpaka, Jimbo Katoliki la Nakuru lilianzisha kazi nzima ya kuchoma mifupa, kusambaza vichujio na kupima maji. Yote haya yanajulikana. Tasnifu hufunga kwa kusema utafiti zaidi unahitajika. Huku kijijini kinachohitajika ni mtu mwenye pikipiki, gunia la mkaa mpya, na daftari linaloonyesha nani alibadilishiwa lini.

Nakubali kwamba pale penye chanzo kingine, chanzo kingine ndiyo jibu. Mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, ule wa Sh bilioni 520 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulitafuta visima vyenye floraidi ndogo, na huo ni uamuzi wa akili. Kuvuna maji ya mvua nako ni sawa, kwa mwenye bati na tangi. Ila yako maboma mlimani ambayo bomba hilo halitayafikia hivi karibuni, na watoto wa huko meno yao hayasubiri bajeti ya mwaka 2035.

Ombi langu linakwenda kwa RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na vile vyombo vya watumia maji vya ngazi ya jamii vilivyopo kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Wanakusanya fedha ya maji, wana mafundi, wana orodha ya vilula, yale mabomba ya umma ya kuchotea maji. Wakati wa kupanga bajeti za wilaya zenye floraidi, wekeni kifungu cha mkaa kama mnavyoweka cha pampu na koki. Tanuri moja zuri kwa wilaya linatosha kuanzia, mifupa ipo machinjioni inaoza bure. Mkaa ulioshiba urudishwe hapohapo kituoni, uoshwe kwa soda kali ya maabara (caustic soda) na kutumika tena kadiri inavyowezekana, usimwagwe kandokando ya chemchemi. Udongo wetu unatosha kwa mzigo ulionao: shamba la nyanya linalomwagiliwa kwa maji haya kila msimu linaongezewa floraidi, na hilo peke yake lingehitaji barua nyingine.

Kisha kuna jambo dogo ambalo halihitaji hata mkopo. Pimeni kila kilula na mwandike namba kwa rangi kwenye zege lake, na tarehe. Tarehe ni muhimu kuliko rangi. Mama akikuta kilula kimoja kimeandikwa 2 na kingine 9, atatembea dakika kumi za ziada bila kuhamasishwa na semina. Najua kuna wanaoogopa kwamba wananchi wakiona namba watapiga kelele. Watapiga. Wamekunywa maji haya tangu enzi za mababu, kelele kidogo haziwezi kuwadhuru zaidi.

Ndoo yetu ya wafadhili ipo kona ya ofisi ya walimu, imewekewa fagio na rula za mita. Stika ya uzinduzi bado inasomeka. Nimeiosha wiki iliyopita na kubadilisha koki iliyokuwa inavuja. Ukituletea kilo 10 za mkaa, jioni hiyohiyo inaanza kazi, na safari hii tarehe ya kubadilisha itaandikwa ukutani na yule kijana aliyeuliza swali. Yuko kidato cha nne sasa, ana mwandiko mzuri kuliko wangu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Kemia,
Meru, Arusha.